Kimo ni cha Kidole, Upana ni wa Jibu: Kupima Visanduku vya Kuandikia kwenye Simu

Fomu ya simu huchorwa kwenye kompyuta, hukaguliwa kwenye kompyuta, halafu hukabidhiwa kwa watu ambao hawana kompyuta wala mausi. Anayeijaza amesimama kituoni akisubiri daladala, mkono mmoja una mzigo, na kazi yote inafanywa na dole gumba la mkono uliobaki. Hapo ndipo kisanduku kilichopendeza mezani kinapoanza kumsumbua. Anagusa sehemu ya jina, kishale kinaruka kwenye namba ya simu. Anaandika namba ndefu, nusu yake inajificha. Akikosea, tunasema hajui kutumia simu, na tunamwonea, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye vipimo tulivyompa.

Katika mwongozo huu tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: programu ya kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Fomu ya kumwandikisha mwanachama inataka majina matatu, namba ya simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kiasi cha mchango na namba ya siri. Fomu ya mkopo inaongeza kiasi anachoomba na maelezo ya matumizi. Ina kila aina ya jibu, fupi na refu, na ina fedha za watu, kwa hiyo kosa dogo lina gharama.

Jambo la kushika tangu sasa ni kwamba kimo na upana wa kisanduku ni maamuzi mawili tofauti. Kimo kinapimwa kwa kidole kinachogusa. Upana unapimwa kwa jibu litakaloandikwa. Wabunifu wengi huyafanya maamuzi haya kwa pamoja, wakachora kisanduku kimoja na kukinakili mara saba, na fomu nzima ikaharibika.

Kimo

Mshale wa mausi una ncha, na mtu anaiona inapoelekea. Kidole ni kipana, na kinafunika kilekile kinachokilenga. Kwa sababu hiyo kila kitu cha kuguswa kimewekewa kiwango cha chini. Apple inawataka wabunifu wasishuke chini ya pointi 44 kwa 44. Google, katika mwongozo wake wa usanifu Material Design, inataka dp 48 kwa 48. Viwango vya WCAG, vinavyolenga tovuti zitumike na watu wote wakiwamo wenye ulemavu, katika toleo la 2.2 la mwaka 2023 vinaridhika na pikseli 24 kwa 24 kwenye ngazi ya AA, na vinadai 44 kwa 44 kwenye ngazi ya AAA. Hiyo 24 isikushawishi. Inakuvusha kwenye ukaguzi, lakini mtu mzima mwenye vidole vya jembe atahangaika nayo.

Sasa zitoe namba hizi kwenye karatasi uzipeleke kwenye kioo. Dp ni kipimo cha Android ambacho 160 zake zinafanya inchi moja, kwa hiyo dp 48 ni milimita 7.6 hivi, na dp 56 ni karibu milimita 8.9. Mwaka 2006 watafiti Pekka Parhi, Amy Karlson na Benjamin Bederson walichunguza watu wanaotumia kifaa kidogo cha kugusa kwa dole gumba la mkono mmoja. Walipendekeza kitu cha kuguswa mara moja kisipungue milimita 9.2, na vitu vya kuguswa mfululizo visipungue 9.6. Ukiweka namba hizo kando ya zile za kampuni utaona kwa nini mimi sichukui 48 kwa kisanduku cha kuandikia. Nachukua 56, ambacho pia ndicho kimo cha kawaida cha kisanduku cha maandishi katika Material Design. Kwenye tovuti, pikseli ya CSS inakaribiana na dp katika simu nyingi, kwa hiyo 56 hiyohiyo inafaa.

Kupanda zaidi ya hapo kuna bei yake. Chukua simu ya bei nafuu yenye kioo cha dp 360 kwa 640. Kibodi ikifunguka inameza takriban 260. Upau wa juu wa simu na kichwa cha programu vinachukua kama 80. Umebakiwa na 300. Kisanduku cha 56 pamoja na lebo yake, mstari wa ujumbe wa kosa na nafasi ya kupumulia kinafika kama 116, kwa hiyo mtu anaona visanduku viwili na nusu. Ukiongeza kimo hadi 72 anabaki na viwili tu, hajui kama kuna kingine chini.

Halafu kuna kasoro isiyoonekana kwa macho, nami huikuta hata kwenye fomu zilizochorwa vizuri. Mchoro una kimo cha 56, lakini aliyeandika msimbo ameiweka nafasi ya ndani kwenye boksi la nje, na kisanduku chenyewe kimebaki na pikseli 24 katikati. Mtu anagusa karibu na mpaka, ndani kabisa ya mistari anayoiona, na hakuna kinachotokea. Anagusa tena kwa nguvu, kana kwamba kioo kimekufa. Dawa yake ni kuiweka nafasi hiyo kwenye kisanduku chenyewe, au kukifunga kisanduku chote ndani ya lebo yake ili kugusa popote kuwe ni kugusa kisanduku.

Herufi ndani ya kisanduku zisipungue pikseli 16. Kivinjari cha Safari kwenye iPhone huukuza ukurasa wenyewe mtu anapogusa kisanduku chenye herufi ndogo kuliko hapo, na baada ya hapo fomu inakuwa imehamia upande na mtu anaitafuta kwa kuburuta.

Upana, kuanzia namba ya NIDA

Upana ni ahadi. Kisanduku kifupi kinamwambia mtu aandike kidogo, kirefu kinamwambia aandike mengi, na hayo yote anayajua kabla hajasoma lebo. Ahadi isipolingana na jibu, anasita na kujiuliza kama ameelewa.

Anza na jibu gumu kuliko yote katika fomu yetu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, zimegawanywa 8, 5, 5 na 2, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa herufi za pikseli 16 tarakimu moja inachukua takriban pikseli 9, kwa hiyo namba nzima inataka 180, au 195 hivi ukiweka vistari vya kugawa. Simu yetu ina upana wa 360. Toa pambizo la 16 kila upande, unabaki na 328. Toa nafasi ya ndani, 16 kushoto na 16 kulia, unabaki na 296. Namba inaingia bila shida.

Sasa weka lebo kushoto mwa kisanduku, kama fomu za karatasi zilivyo. Lebo inakula 120 na mwanya wa 8. Kisanduku kinabaki na 200, na ndani yake kuna 168 tu ya kuandikia. Hizo ni tarakimu 18. Mtu anapoandika mbili za mwisho, zile mbili za mwanzo zinasukumwa nje, na badala ya 19880314 anaona 880314 na mlolongo wa namba nyuma yake. Hawezi kuilinganisha na kitambulisho alichokishika. Atakisogeza kishale nyuma kwa dole gumba linalofunika namba anayoitafuta, atagusa vibaya, ataingiza tarakimu katikati. Baada ya hapo wengi huifuta yote na kuanza upya.

Kwa hiyo lebo ikae juu ya kisanduku. Matteo Penzo alipofuatilia mwendo wa macho ya watu wakijaza fomu mwaka 2006, aliona kuwa lebo ya juu mara nyingi hunaswa pamoja na kisanduku kwa mtazamo mmoja. Kwetu kuna sababu ya ziada: lebo za Kiswahili ni ndefu. “Namba ya Kitambulisho cha Taifa” haiingii kwenye pikseli 120 bila kuvunjika mistari mitatu.

Onyesha mgawanyo wa 8, 5, 5 na 2 mtu anapoandika, ili alinganishe fungu kwa fungu. Na kwa kuwa namba imeshabeba tarehe ya kuzaliwa, usiweke kisanduku kingine cha kuiuliza. Isome mwenyewe, uionyeshe chini: “Umezaliwa 14 Machi 1988”. Mwanachama akiona si yake, atajua kuna tarakimu aliyokosea. Umepunguza kisanduku kimoja, ukapata na uhakiki.

Namba nyingine za kazini zinafuata hesabu hiyohiyo. TIN ya Tanzania, yaani namba ya mlipakodi, ni tarakimu 9, kontrol namba ya malipo ya serikali ni 12, tokeni ya umeme wa LUKU ni 20, na PIN ya kodi ya KRA kwa Wakenya ni herufi na tarakimu 11. CSS ina kipimo kinachofaa sana hapa, ch, ambacho ni upana wa tarakimu 0 katika mwandiko unaoutumia. Ila angalia: mifumo mingi siku hizi huhesabu nafasi ya ndani kuwa sehemu ya upana, kwa hiyo ukiipa TIN upana wa 9ch bila kuongeza pikseli 32 za pembeni, utaona tarakimu tano au sita tu.

Je, kwenye simu visanduku vyote vijae upana wa kioo? Vingi, ndiyo. Jina, NIDA, simu na maelezo vijae. Majina matatu yawe kwenye kisanduku kimoja kipana, yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho, na usiyawekee kikomo cha herufi 30. Kuna majina ya pwani yenye “bin” ndani yake yatakayokatika. Kwa majibu mafupi, kama TIN au namba ya nyumba, fupisha kisanduku, lakini acha mstari wote uguswe, lebo ikiwamo. Visanduku viwili kwenye mstari mmoja nakubali pale tu vinapokuwa vipande vya jibu moja.

Namba ya simu na fedha

Kichwani mwa mbunifu namba ya simu ni tarakimu 10 zinazoanza na 0. Kwa mtumiaji ni kile alichonakili kutoka kwenye orodha ya majina, na mara nyingi kina +255 na nafasi katikati, jumla herufi 16. Kisanduku kilichowekewa kikomo cha 10 kikibandikwa namba ya mtindo wa +255 700 000 000, kinabakiza “+255 700 0” na kuitupa iliyobaki kimyakimya. Kipe upana wa herufi 16, pokea chochote kinachobandikwa, safisha mwenyewe nyuma ya pazia. Mwanachama aliyeko Mombasa ataandika +254, aliyeko Muscat +968, usimfungie mlango. Ita kibodi ya simu kwa aina ya tel, na kwa namba za aina hii usitumie aina ya number, kwa sababu programu nyingi zikiichukulia kama hesabu huiondoa sifuri ya mwanzo.

Kisanduku cha fedha ndicho ninachokiogopa kuliko vyote. Programu nyingi zinajengwa kwa vipande vilivyotengenezwa Ulaya au Marekani, ambako kiasi cha kawaida kina tarakimu tatu au nne. Ukikichukua kisanduku hicho kama kilivyo, mchango wa 5,000 unaenea, mkopo wa 15,000,000 hauenei. Sifuri moja ikijificha pembeni, kiasi kimebadilika mara kumi, na mweka hazina ndiye atakayeulizwa. Pima kwa kiasi kikubwa kuliko vyote kinachoruhusiwa na kikoba, pamoja na alama za mkato za maelfu, kisha ongeza nafasi ya herufi mbili. Chini yake andika kwa maneno: “Milioni kumi na tano”. Hundi za benki hufanya hivyo, nasi tunazihesabu fedha kwa laki na milioni mdomoni, kwa hiyo jicho linakamata kosa mara moja.

Namba ya siri

Kuna mtindo wa kuchora visanduku vidogo, kimoja kwa kila tarakimu. Fanya hesabu kabla hujaufuata. Namba ya uthibitisho yenye tarakimu 6, kila kisanduku kikiwa 48 na mwanya wa 8, inataka 328. Kwenye simu ya 360 inaingia kama ilivyo, bila hata pikseli moja ya akiba. Kwenye simu ya 320 haiingii, na mtu wa msimbo atavibana visanduku hadi 40 ili vitoshe. Juu ya hapo, kufuta tarakimu ya tatu ni mtihani, na kubandika namba iliyokuja kwa SMS kunaweza kushindikana kabisa. Chora kisanduku kimoja, tanua nafasi kati ya tarakimu, kipe autocomplete ya one-time-code ili simu ilete namba yenyewe kutoka kwenye ujumbe. Kinaonekana karibu sawa, na hakisumbui.

Ukiweka alama ya jicho la kuonyesha namba ya siri, alama hiyo nayo ni kitu cha kuguswa na inahitaji 48 zake. Ongeza nafasi ya ndani upande wa kulia ili maandishi yasipite chini yake. Hali kadhalika alama ya kufuta na ya kalenda.

Nafasi kati ya visanduku

Lebo iwe karibu na kisanduku chake, dp 4 hadi 8, na mbali na kilicho juu yake, 20 hadi 24. Nafasi zikilingana, mtu hajui lebo ni ya nani. Pambizo la 16 pembeni usilile, kwa sababu ndiko kidole kinakokaa kinapovuta ukurasa bila kugusa kisanduku kwa bahati mbaya.

Tenga mstari wa ujumbe wa kosa tangu mwanzo, hata kama hauna kitu. Usipoutenga, hiki ndicho kinachotokea: mwanachama anamaliza NIDA, dole gumba linashuka kugusa kiasi, na wakati huohuo ujumbe wa kosa unachomoza na kusukuma kila kitu chini. Kidole kinaweza kutua nje ya kisanduku alichokilenga, kishale kikabaki kwenye kilekile alichotoka, na akaendelea kuandika 5,000 ndani ya namba ya NIDA.

Maelezo marefu na kibodi

Kwa maelezo ya mkopo, anza na mistari mitatu. Mmoja unamwambia mtu aandike neno moja, kumi inamtisha. Kikue kadiri anavyoandika hadi mistari sita hivi, kisha kisikue tena. Kisanduku kirefu kuliko nafasi iliyobaki juu ya kibodi ni mtego: mtu akivuta ukurasa, yanavutika maandishi ya ndani, na kitufe cha kutuma hakifiki. Hakikisha pia kisanduku kinachoguswa kinapanda juu ya kibodi pamoja na lebo na mstari wake wa kosa. Simu ikilazwa ubavu kibodi inaweza kuchukua nusu ya kioo au zaidi, kwa hiyo lijaribu hilo mwenyewe.

Herufi zikikuzwa

Wazazi wetu wengi hukuza herufi kwenye mipangilio ya simu. Android 14 inaruhusu kufika asilimia 200, na WCAG inataka maandishi yakuzwe kiasi hicho bila kupoteza kitu. Kwa hiyo usikifunge kimo kwenye 56. Kiwe 56 kwa uchache, kiongezeke herufi zikikua. Kimo kilichofungwa hukata miguu ya g na y. Upana nao unaguswa: NIDA kwa asilimia 130 inahitaji kama 250, bado inaingia kwenye zile 296. Kwa asilimia 200 inataka karibu 390, na hakuna namna itaenea. Hapo onyesha namba nzima chini ya kisanduku, kila fungu kwenye mstari wake.

Kikoba kinachotumia kishikwambi mezani kina tatizo la kinyume. Usiache kisanduku cha TIN kinyooke pikseli 800. Weka ukomo wa upana kwa kila aina ya jibu, panga fomu katika safu moja, acha nafasi nyeupe pembeni. Kwa tovuti inayofunguliwa kwenye kompyuta na simu, sharti la CSS la pointer: coarse linakuwezesha kupanua vimo pale tu kifaa kikuu kinapokuwa kidole.

Ukimaliza, chukua rula. Fungua fomu kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote unazoweza kuazima, pima kisanduku kutoka mpaka wa juu hadi wa chini, uone kama kinakaribia milimita 9. Kisha mpe simu hiyo katibu wa kikoba, juani, aandikishe wanachama wawili kutoka kwenye vitambulisho vyao, nawe usimsaidie neno. Akigusa mahali pamoja mara mbili, rudi kwenye kimo na nafasi ya ndani. Akisogeza kishale nyuma ili kuhakiki, upana haujatosha. Akijaza jibu la kisanduku kimoja kwenye kingine, angalia umbali wa lebo na mstari wa kosa. Akiisogeza simu karibu na macho, kuza herufi kwanza, kisha upime upya upana wa kila namba ndefu.